Je, wajua? Kwa nini Mwingereza humwona asiyekuwepo

Kijana mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, aliniletea habari ya Kiingereza aliyokuwa akiitafsiri, kidole chake kikiwa juu ya maneno mawili: "conspicuously absent". Kamusi ilimwambia la kwanza ni "kwa kuonekana wazi", la pili ni "hayupo".

"Sasa mwalimu, hayupo, halafu anaonekana vipi?"

Nikamkumbusha baraza la kahawa la mtaani kwao. Wazee ni walewale, kila mmoja na pahali pake. Siku mmoja asipofika, kila ajaye, hata salamu haijesha, jicho limeshakwenda kwenye nafasi ile tupu: "Fulani yuko wapi leo?" Huyo ndiye aliyeonekana kuliko waliokaa. Mimi nami sikuwepo, lakini nani ananiuliza? Sikutarajiwa. Bila kutarajiwa, maneno hayo mawili hayakai.

Asili ya "conspicuously" ni Kilatini, "conspicere", yaani kutupia jicho. Na fumbo lenyewe ni la kale. Mwanahistoria Mrumi Tacitus anasimulia mazishi ya bibi mmoja, Junia, mwaka 22 baada ya Kristo. Sanamu za koo ishirini mashuhuri zilitangulizwa mbele ya maiti, ila za Brutus, ndugu yake, na Cassius, mumewe, hazikuwemo. Hao walikuwa wamemuua Julius Caesar. Tacitus anasema waling'ara kuliko wote kwa sababu hiyohiyo, kwamba hawakuonekana. Mwaka 1859 mwanasiasa wa Uingereza, Lord John Russell, akalichukua wazo hilo katika hotuba kwa wapigakura wa London, na Waingereza hawajaliacha tangu hapo.

Usilichanganye na "noticeably". Hilo ni la badiliko ambalo ukiangalia utalitambua: bei ya dagaa imepanda kiasi cha kuonekana. "Conspicuously" halikungoji uangalie, linakuvuta jicho lenyewe, kama tanga jeupe baharini. Mara nyingine lina kijembe ndani yake: aliyekwenda msibani na nguo nyekundu pyu, bangili mpaka kwenye kiwiko, ndiye hasa anayesemwa kwa neno hilo.

Yule kijana alikuwa ameandika "mwenyekiti hakuwepo kwa kuonekana wazi". Akafuta, akaandika upya: "Mwenyekiti hakuwepo, na pengo lake kila mtu aliliona."