Nani alivuta pazia?

Kazi yangu ni kuwaandaa wakufunzi wa afya, yaani wale wauguzi na madaktari wanaokabidhiwa wanafunzi wawafundishe wodini, na semina naanzaga na swali moja tu: jana kwenye raundi ya kupitia wagonjwa, nani alivuta pazia la kitanda kumsitiri mgonjwa? Kimya. Mmoja anacheka, mwingine anaangalia simu.

Darasani maadili hayana shida, slaidi zipo, usiri wa mgonjwa, idhini, heshima, mwanafunzi anakariri anapata A. Halafu anafika wodini anasikia mkubwa wake "twende kwa yule wa kisukari, kitanda cha 7", bibi wa watu anafunuliwa shuka mbele ya watu kumi hata shikamoo hajapewa. Sasa hapo mwanafunzi ataiga slaidi au ataiga bosi? Watafiti Hafferty na Franks waliliandika hili 1994, mtaala uliojificha, ule ambao hakuna aliyeuandika ila wote wanaufaulu.

Kwa hiyo mihadhara nimepunguza. Nawalaza wakufunzi wenyewe kitandani, gauni la mgonjwa, wenzao wanapiga raundi juu yao kwa kiingereza cha haraka haraka. Sista mmoja mzoefu kabisa aliinuka akauliza, "Mbona mmeongea na faili, mimi hamjanisalimia?" Basi, siku hiyo sikuwa na la kuongeza.

Kigumu zaidi ni ukweli. Na hapa najisema mwenyewe: zamani mwanafunzi aliandika presha 120/80 bila kupima, nikamfokea mbele ya mgonjwa, nikajiona nimefundisha uaminifu. Kumbe mashine betri ilikufa asubuhi, akaogopa kuniambia kwa sababu juzi yake nilimfokea mwenzake kwa kuuliza kitu kama hicho hicho. Yaani nilimfundisha kudanganya mimi mwenyewe, halafu nikamwadhibu.

Miller, mtaalamu wa elimu ya udaktari, 1990 alichora piramidi yake ya kupima mwanafunzi amefika wapi, chini kujua, juu kabisa kufanya, halafu 2016 Cruess na mkewe na Steinert, wa chuo kikuu cha McGill kule Montreal, wakaongeza ngazi ya tano: kuwa, yaani siyo kutenda kama mtaalamu tu bali kuwa mtaalamu mwenyewe. Mi naona hapo wamepatia, ila huwezi kumfikisha mwanafunzi huko ukiwa unamtisha.

Ndo maana siku hizi tunafanya mazoezi ya sentensi moja, "ahsante kwa kuniambia, twende tukapime tena", mmoja anacheza mwanafunzi aliyekosea mwingine mkufunzi. Utacheka, watu wana miaka 20 kazini na hiyo ahsante inawakwama kooni, wengine wanarudia mara tatu bado inatoka kama karipio.