Ufa wa fondasio Bukavu: upime kabla ya kuuziba

Mama mmoja wa Kadutu, upande wa Funu, alituita mwezi wa tano kwa sababu mlango wa chumba chake ulikuwa haufungiki. Tulipofika hakutuonyesha mlango, alituonyesha sakafu. "Si wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta? Mimi nimeziba mara tatu, baba, na ukuta nao unakwenda."

Nikapiga magoti na tochi. Ndani ya ufa kulikuwa na simenti ya rangi tatu, kila tabaka limebanduka upande mmoja, na katikati uwazi mpya wa kuingiza kidole. Kilichonishtua zaidi ni mistari. Masoni alipomaliza sakafu ile nyekundu aliichora miraba kwa kamba. Sasa mstari ukifika kwenye ufa, ng'ambo ya pili hauupati mwenzake: umesogea pembeni kama upana wa vidole viwili.

Nyumba inayotitia hushuka. Haitembei.

Nyumba nyingi tunazoitiwa zina maradhi ya kawaida. Vijiufa vyembamba kama unywele, vilivyosambaa kama utando wa buibui, mara nyingi ni beto iliyokorogwa kwa maji mengi au iliyokaushwa na jua la kiangazi bila kumwagiliwa. Hivyo havivunji nyumba. Ufa ulionyooka unaofuata chuma, wenye madoa ya kutu, ni jambo jingine: chuma kikiota kutu hujaa kuliko kilivyokuwa na kuipasua beto kutoka ndani. Hapo kuziba juu ni kuficha tu; inabidi beto iliyooza ibomolewe mpaka chuma kionekane.

Lakini ugonjwa mkubwa wa mji wetu ni mlima wenyewe. Ili kupata parseli tambarare, watu huchimba upande wa juu na kumwaga udongo upande wa chini. Nusu ya nyumba inakaa juu ya udongo mgumu, nusu juu ya udongo uliojazwa jana bila kushindiliwa. Nusu ya chini hushuka. Ufa hutokea pembeni mwa dirisha ukapanda ngazi kwa ngazi kati ya matofali. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, kwa kawaida ncha ya nyumba ndiyo inayozama. Ukiwa mpana chini, tazama katikati. Nyufa mbili zinazokatana kama herufi X kati ya madirisha hukumbusha tetemeko, na wenye nyumba za zamani waulizwe zilianza lini: wengi watataja lile la tarehe 3 Februari 2008.

Mama yule hakuwa na hata moja kati ya hayo. Tukatoka nje. Ufa ulipita chini ya ukuta, ukavuka ua, ukapasua ngazi za jirani, na bomba la maji lilikuwa limevutika mpaka kiungo chake kinadondosha. Ufa usiojali mipaka ya parseli si wa fondasio, ni wa ardhi. Funu inakaa juu ya maporomoko makubwa ya ardhi yanayosogea polepole. Watafiti walioyafuatilia kwa picha za anga na rada za satelaiti, kwa muda wa miongo saba, waligundua kwamba mji ulipojaa juu yake, mwendo uliongezeka. Maji yetu wenyewe yamo katika lawama hiyo: mabomba yanayovuja, na mvua ya mabati isiyo na mfereji.

Kwa hiyo, kabla ya kununua simenti, nunua misumari mitatu ya beto. Pigilia miwili upande mmoja wa ufa na mmoja upande wa pili, iwe pembetatu. Pima kutoka ule mmoja hadi kila mmoja wa ile miwili, asubuhi, mara moja kwa wiki, uandike kwa milimita pamoja na tarehe na kama mvua ilinyesha. Vipimo vyote viwili vikiongezeka, ufa unapanuka. Kimoja kikiongezeka na kingine kikipungua, sakafu inateleza pembeni. Namba zikikaa palepale kiangazi chote na msimu mzima wa mvua, ufa umelala, ziba kwa amani.

Ukiona unasogea, usimwage beto nzito zaidi: maporomoko ya namna hii yana kina kuliko fondasio yoyote ya nyumba, na uzito huo unauongezea mlima mzigo. Ongoza maji ya mabati hadi kwenye mfereji wa avenyu, tengeneza bomba linalovuja, hamisha shimo la maji machafu lililo upande wa mlima juu ya nyumba. Nyumba ya mbao, ambayo wengi huidharau, inaweza kuinuliwa na kunyooshwa. Ya matofali si rahisi. Na nyufa mpya zikifunguka kwenye udongo ndani ya siku moja, au chemchemi ya tope ikatoka pasipokuwa na maji, tokeni nyote na watoto papo hapo.

Mama yule alinunua daftari la shule. Kipimo kimoja kati ya viwili, kwa milimita, kilikwenda hivi. Juni: 412. Julai: 412. Agosti: 412. Mvua za Septemba zilipoanza, 413. Wiki ya mwisho ya Novemba aliandika 421, akapiga mstari chini yake mara mbili. Masoni hajaitwa tena, na chumba cha watoto kimehamishiwa upande wa juu wa ufa.