Stanley Kubrick hakujificha na watu

Kwenye vijiwe vya waigizaji na wapiga picha wa Sinza na Kinondoni, mwongozaji wa filamu Stanley Kubrick akitajwa, hadithi huwa ileile: fundi aliyejitenga na watu, na eti ndiyo siri ya filamu zake. Si kweli. Alichokwepa ni waandishi wa habari na ndege. Nyumbani kwake Childwickbury, Uingereza, aliishi na mkewe Christiane na familia, na aliwapigia wenzake simu wakaongea kwa saa nyingi.

Ukamilifu wake ulitokana na kazi, tena kazi ya pamoja. Mimi namvulia kofia zaidi kwa filamu yake Barry Lyndon ya mwaka 1975. Alitaka baadhi ya vyumba vimulikwe kwa mishumaa tu, basi akatafuta lenzi za Zeiss zinazopokea mwanga mwingi sana, zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA, shirika la anga la Marekani. Lakini lenzi hizo huonyesha kwa ukali eneo dogo tu. Itazame ile meza ya kamari: mwigizaji akisogea kidogo tu mbele, sura inapoteza ukali, kwa hiyo wametulia kama picha ya kuchorwa. Kamera ilifumuliwa na fundi wa kamera Ed DiGiulio ili lenzi hizo zikae. Mpiga picha, John Alcott, akapata Oscar.