Nyoka Chotara wa Kufugwa: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Utambuzi Wao

Nyoka chotara ni yule ambaye wazazi wake ni wa spishi mbili tofauti, na wakati mwingine hata wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) mbili tofauti. Wanaojulikana zaidi miongoni mwa wafugaji ni wale waliotokana na nyoka wa mahindi wa Marekani (Pantherophis guttatus) na nyoka mfalme wa California (Lampropeltis californiae), wale wa chatu wa Burma (Python bivittatus) na chatu wavu (Malayopython reticulatus), na wale wa chatu zulia (Morelia spilota) na chatu wa kijani wa mitini (Morelia viridis). Nyoka hawa huuzwa, hubadilishwa na kuzalishwa tena, na kila wanapohamia kwa mmiliki mwingine sehemu ya maelezo ya asili yao hupotea. Pengo hilo ndilo linalojazwa na dhana potofu.

Dhana: Nyoka mwenye rangi ya ajabu ni chotara, na mwenye rangi ya kawaida ni halisi.

Rangi ndicho kigezo dhaifu kuliko vyote, ingawa ndicho kinachoangaliwa kwanza. Sehemu kubwa ya rangi zinazowashangaza wanunuzi hutokana na mabadiliko ya jeni ndani ya spishi moja, bila damu ya spishi nyingine kuingia. Nyoka wa mahindi asiye na rangi nyeusi alikamatwa mwituni Marekani mwaka 1953, na sifa hiyo hurithiwa kati ya nyoka wa mahindi wenyewe kwa wenyewe. Chatu mpira (Python regius) naye ana mamia ya mitindo ya rangi na madoa iliyotokana na uteuzi wa wafugaji, na hakuna haja ya kumtafutia babu wa spishi nyingine ili kueleza weupe au umanjano wake.

Upande wa pili wa dhana hii una madhara zaidi, kwa sababu chotara anaweza kufanana kabisa na mmoja wa wazazi. Mfano mzuri unatoka Florida, ambako chatu wa Burma waliotoroka au kuachiliwa wamezaliana porini. Utafiti wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2018 ulichunguza chatu wapatao 400 wa huko, na 13 kati yao wakakutwa na alama za chatu wa India (Python molurus), wakati kwa macho wote walihesabiwa kuwa chatu wa Burma. Kama wataalamu walioshika mamia ya nyoka hawakuiona tofauti hiyo, mnunuzi anayetazama picha moja kwenye simu hana msingi wa kuwa na uhakika.

Umri nao huvuruga mambo. Chatu wa kijani wa mitini huanguliwa akiwa wa manjano au mwekundu wa kahawia, kisha hugeuka kijani anapokua, na chotara wake na chatu zulia naye huweza kubadilika sana kati ya utoto na utu uzima. Picha ya mtoto wa nyoka, hata iwe safi namna gani, haitoshi kutoa hukumu.

Dhana: Basi bila maabara hakuna kinachoweza kujulikana.

Hapa wengi huvuka kutoka kosa moja hadi lingine. Mwili wa nyoka una maelezo mengi yasiyohusiana na rangi, na mengi kati yake husomeka kwa kioo cha kukuzia na subira. Mahali pa kuanzia ni gamba la mwisho la tumboni, lile linalofunika kinyeo. Kwa nyoka wa mahindi gamba hilo limegawanyika sehemu mbili kwa mstari wa mshazari, ilhali kwa nyoka mfalme ni kipande kimoja kizima. Magamba ya mgongoni nayo yanatofautiana: ya nyoka mfalme ni laini na hung'aa, na ya nyoka wa mahindi, hasa yale ya juu kabisa mgongoni, yana mstari mwembamba ulioinuka katikati, hafifu kiasi kwamba kidole huukosa lakini mwanga wa pembeni huuonyesha. Nyoka wa jenasi Pituophis, ambao pia hupandishwa na nyoka wa mahindi, wana mstari huo ulioinuka wazi kabisa, gamba la kinyeo lisilogawanyika, na kwa kawaida magamba manne mbele ya paji badala ya mawili. Wana pia kijiwambo mbele ya koromeo kinachofanya mlio wao wa kutishia uwe mkubwa kupita ule wa nyoka wengine wa ukubwa wao, kwa hiyo nyoka anayeuzwa kama nyoka wa mahindi na anayefoka kwa sauti nzito anastahili kukaguliwa kichwani kwa makini.

Njia isiyomsumbua nyoka ni kutumia ngozi aliyojivua. Iloweshwe maji, itandazwe juu ya karatasi nyeusi, kisha zihesabiwe safu za magamba katikati ya mwili, kwa kupanda mshazari kutoka gamba pana la tumboni upande mmoja, kupita mgongoni, hadi gamba la tumboni upande wa pili. Nyoka wa mahindi huwa na safu zipatazo 27, na nyoka mfalme wa California mara nyingi 23 au 25. Ngozi iliyovuliwa hunyooka, hivyo urefu wake hudanganya, lakini idadi ya magamba haibadiliki, na mgawanyiko wa gamba la kinyeo huonekana juu yake waziwazi.

Tahadhari moja ni ya lazima. Vigezo hivi vina nguvu kwa chotara wa kizazi cha kwanza, ambaye mara nyingi huchanganya sifa za pande zote mbili, kama vile gamba la kinyeo la mzazi mmoja pamoja na umbo la kichwa la mwingine. Akipandishwa tena na nyoka halisi wa spishi moja kati ya hizo mbili, na uzao wake vivyo hivyo, wanawe hubaki na takriban robo ya damu ya spishi ya pili, wajukuu asilimia 12.5, na vitukuu kama asilimia 6. Kufikia hapo kuhesabu magamba hakusaidii tena. Nyoka akikutwa na sifa zinazogongana, shaka juu yake ina msingi. Asipokutwa nazo, bado hajathibitishwa kuwa halisi.

Dhana: Chotara ni tasa, kwa hiyo mchanganyiko huishia kwake.

Dhana hii imeazimwa kwa baghala. Farasi ana kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli) 64 na punda 62, na baghala anayebaki na 63 hushindwa kutengeneza mbegu au mayai yanayofaa. Kwa nyoka hali ni tofauti: spishi nyingi za jamii ya nyoka wa mahindi na nyoka mfalme, pamoja na chatu wengi, zina kromosomu 36. Chotara wa nyoka wa mahindi na nyoka mfalme, ambao wazazi wao si wa jenasi moja hata kidogo, huzaa bila shida, na watoto wao huzaa pia. Ndiyo maana mchanganyiko mmoja uliofanywa miaka mingi iliyopita unaweza kuwa umeenea kimyakimya katika koo za nyoka ambao wamiliki wao wa leo hawana habari nao. Urithi mmoja usiozungumzwa sana ni ulaji: nyoka mfalme hula nyoka wenzake, na chotara wake anaweza kurithi hamu hiyo, jambo linalofanya kumweka chombo kimoja na nyoka mwingine kuwa hatari hata kama sura yake ni ya nyoka wa mahindi.

Dhana: Kipimo cha vinasaba humaliza ubishi wote.

Inategemea kipimo gani. Vinasaba vya mitokondria, yaani vile vilivyo nje ya kiini cha seli, hurithiwa kutoka kwa mama pekee. Chotara ambaye baba yake ni nyoka mfalme na mama yake ni nyoka wa mahindi atatoka katika kipimo hicho kama nyoka wa mahindi, na muuzaji ataonyesha karatasi hiyo kwa nia njema kabisa. Kinachohitajika ni uchunguzi wa vinasaba vya kiini cha seli, katika maeneo mengi, ukilinganishwa na sampuli za nyoka ambao asili yao inajulikana kwa hakika. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu.

Dhana: Uchotara hutokea tu mfugaji akikusudia, na kamwe si mwituni.

Mwituni hutokea, ingawa kwa uchache: chotara wa kifutu wa Gaboni (Bitis gabonica) na kifutu mwenye pembe puani (Bitis nasicornis) wamewahi kurekodiwa barani Afrika. Kwa nyoka wa kufugwa, jike anaweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi mingi, na mayai ya mtago mmoja yanaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Mfugaji aliyewahi kuweka spishi mbili pamoja, hata kwa muda mfupi, hawezi kuapa juu ya mtago unaofuata.

Dhana: Kuchanganya spishi kunaweza kuzaa nyoka mwenye sumu.

Hakuna njia ya spishi mbili zisizo na sumu kali kumtengenezea mtoto meno na tezi za kifutu, wala chatu hawezi kuzaa na fira. Hofu yenye maana ni ya ukubwa. Chatu wavu ni miongoni mwa nyoka warefu kuliko wote duniani na anaweza kupita mita 6, na mtoto wake na chatu wa Burma anapaswa kuandaliwa makazi ya nyoka mkubwa sana tangu siku ya kwanza.

Dhana: Sheria huhusu spishi halisi pekee.

Chini ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea walio hatarini, chotara aliye na mnyama wa Kiambatisho cha I au II (orodha za mkataba huo za spishi zinazolindwa) katika vizazi vinne vilivyopita kwa kawaida huhesabiwa kama spishi iliyolindwa. Chatu wa India wa nususpishi molurus yumo katika Kiambatisho cha I, kwa hiyo chotara wake hawezi kuvushwa mpaka kwa hoja kwamba sura yake ni ya chatu wa Burma. Kutokana na hayo, kadi ya nyoka inapaswa kutaja spishi ya mama na ya baba kando kando, tarehe ya kuanguliwa na vizazi vinavyojulikana, na pale ambapo baba hafahamiki, iandikwe hivyo hivyo badala ya kujazwa jina la spishi ambayo nyoka anafanana nayo.