Kuuzoesha Ubongo Upya: Maana Yake kwa Mwenye Wasiwasi

Kuuzoesha ubongo upya ni kuupa ubongo nafasi, kidogo kidogo na kwa kurudiarudia, ya kujionea kwamba jambo unaloliogopa halileti madhara unayoyatazamia, hadi king'ora chake cha ndani kizoee kutolia ovyo. Neno la kushika hapa ni "kujionea", kwa kuwa ubongo uliojaa wasiwasi hausadiki maneno. Mtu anaweza kujua fika kwamba lifti ni salama, na bado moyo ukamwenda mbio.

Tumtazame mtu huyo. Amesimama mbele ya lifti, viganja vinamtoka jasho. Mlango unafunguka, naye anageuka na kushika ngazi. Hata ghorofa ya kwanza hajaifikia, kifua kimeshalegea na anapumua vizuri. Nafuu hiyo ndiyo mzizi wa tatizo, kwani amigdala, sehemu ndogo ya ubongo yenye umbo la lozi inayoshughulika na kutambua hatari, inahesabu kwamba kilichomwokoa ni kukimbia, na safari ijayo inapiga king'ora mapema zaidi, pengine akiwa bado nje ya jengo. Kwa maoni yangu, watu wengi hulaumu woga wao bure, ilhali kinachoulea ni kule kukwepa.

Kuuzoesha upya basi ni kukwepa kidogo kuliko jana. Siku za mwanzo atasimama tu karibu na lifti. Baadaye ataingia na kutoka mlango ukiwa wazi. Kisha atapanda ghorofa moja na mwenzake, na hatimaye peke yake. Kila hatua hurudiwa mara nyingi, na kila mara hukaa hapo muda wa kutosha kuona kwamba wasiwasi hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka wenyewe. Akijishughulisha na simu muda wote ili asihisi chochote, ubongo utaipa simu sifa za kumwokoa, na somo litakuwa limepotea.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1924, mwanasaikolojia wa Marekani Mary Cover Jones alieleza jinsi mtoto aliyeogopa sungura alivyosogezewa mnyama huyo polepole huku akila chakula alichokipenda, mpaka akaweza kumshika. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, aliipanga kuwa tiba rasmi katika miaka ya 1950, akiunganisha hatua hizo na kulegeza misuli.

Jambo linalowachanganya wengi ni kurudi kwa hofu. Mafunzo mapya hayafuti yale ya zamani, bali huwekwa juu yake, na mawili hayo hushindana. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyewazoesha mbwa kutokwa mate kwa kusikia sauti iliyotangulia chakula, aliliona hilo kwa mbwa wake: mwitikio huo, uliokwisha kuzimika, uliibuka tena baada ya mapumziko. Ndiyo maana mtu aliyeizoea lifti ya kazini huweza kutetemeka mbele ya lifti ya hospitali, na ndiyo maana inafaa afanye mazoezi mahali tofauti na saa tofauti. Hofu ikirudi, mtu hurudi nyuma hatua moja au mbili, wala haanzi upya. Mwenye hofu iliyotokana na tukio la kutisha, au inayomzuia kulala na kufanya kazi, hatua hizo azipange pamoja na mtaalamu wa afya ya akili.