Kombe halimlindi kocha

Kwenye futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu, wengi bado wanaamini kwamba kocha akishatwaa ubingwa wa taifa, kibarua chake hakiwezi kuota nyasi karibuni. Sivyo. Kocha Gene Chizik aliipa timu ya chuo cha Auburn ubingwa msimu wa 2010 bila kupoteza hata mechi moja. Mwaka 2012, baada ya ushindi 3 na vipigo 9, akatimuliwa. Ed Orgeron wa LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) alishinda mechi zote 15 na kutwaa ubingwa msimu wa 2019. Oktoba 2021 ikatangazwa kuwa msimu ukiisha anaondoka.

Hata kushinda mara nyingi hakutoshi: Nebraska ilimfukuza Frank Solich mwaka 2003 akiwa ameshinda mechi 9 na kupoteza 3 tu msimu huo! Ila kufukuza kuna bei. Texas A&M ilipomtimua kocha Jimbo Fisher mwaka 2023, fidia ya kumlipa ilizidi dola milioni 75.