Kuunganisha fokasi: yasemwayo na yaliyo kweli

"Bana tundu la lenzi hadi f/22, kila kitu kitaonekana." Hii ndiyo dhana inayoharibu picha nyingi nzuri za wadudu (namba ya f ikiwa kubwa, tundu huwa dogo). Ukimpiga nzi kwa ukubwa wake halisi, yaani 1:1, kwa sensa (sehemu ya kamera inayonasa mwanga) ya milimita 36 kwa 24 na tundu la f/8, sehemu inayoonekana vizuri huwa na unene wa takriban milimita 1 tu. Jicho linakaa sawa, bawa linapotea. Ukibana hadi f/22 unene huo hufika kama milimita 2.6, lakini mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika, na kwa ukaribu huo lenzi hufanya kazi kana kwamba iko f/44. Vinyweleo ulivyovitamani vinafifia hata pale fokasi ilipotua barabara. Ndiyo maana tunabaki f/8, tunapiga picha nyingi huku tukisogeza fokasi kidogo kidogo, kisha programu inachukua sehemu kali ya kila picha na kuziunganisha. Huko ndiko kuunganisha fokasi.

Programu yenyewe haibuni kitu, inachagua tu. Ukiruka hatua moja utapata mkanda wa ukungu katikati ya mwili wa mdudu, na hakuna programu ya kuunganisha, si Helicon Focus wala Zerene Stacker, itakayokuokoa. Picha zipandane: kama unene ni milimita 1, sogeza 0.7. Mdudu mwenye kina cha milimita 10 atahitaji picha kama 15. Kwa mandhari, 2 au 3 mara nyingi zinatosha. Kurundika 50 ni kujitesa.

Wapo wanaodhani hii ni HDR, mbinu ya kuunganisha picha zenye mwangaza tofauti ili sehemu angavu na za giza zote zionekane. Sivyo. Kule mwangaza hubadilishwa makusudi kati ya picha na picha. Huku mwangaza, ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuitikia mwanga) na mizani ya rangi vyote hufungwa, kinachohama ni fokasi peke yake.

Dhana ya mwisho ni kwamba programu ikimaliza, kazi imekwisha. Tazama mguu wa mdudu unapokatiza mbele ya tumbo lake. Fokasi ikiwa kwenye tumbo, mguu ule huvimba kwa ukungu na kufunika kilicho nyuma yake, kwa hiyo kando ya mguu hakuna picha hata moja iliyonasa tumbo vizuri. Hapo ndipo utepe hafifu wa ukungu hubaki. Kuza picha, fuata kingo moja baada ya nyingine, urekebishe kwa mkono ukichota kutoka kwenye picha za awali. Usizifute mapema.